Tembea Kwanza, Pima, Ndipo Ununue Mtambo

Bwana mkulima, nawe Bibi mkulima, ukija Nairobi kwa shughuli za chama cha ushirika au kuwasalimu watoto wako, huenda ukalala Eastlands, na huenda ukalala Kaloleni. Ni mtaa wa nyumba za mawe uliojengwa katika miaka ya 1940, karibu na njia ya reli na barabara iitwayo leo Jogoo Road. Jina Kaloleni asili yake ni Pwani, katika lugha ya Wagiriama, na maana yake ni "nendeni mkatazame." Jina hilo lafaa sana kwa somo la mwezi huu, maana habari yetu ni juu ya watu wanaonunua kabla ya kwenda kutazama.

Sababu ya kuandika ni hii. Asubuhi moja alifika ofisini kwetu mzee mmoja kutoka skimu ya makao iliyo katika nyanda za juu. Shamba lake ni la ekari kumi na tano, urithi wa baba yake aliyelipata siku zile za Skimu ya Ekari Milioni, iliyoanza mwaka 1962. Alikuwa ameuza mitamba miwili akanunua kinu cha upepo cha kufanya umeme: mapanga matatu, kipenyo mita mbili, mnara wa bomba, betri mbili na waya wake. Karatasi ya mwuzaji ilisema "wati 500." Kinu kikasimamishwa nyuma ya nyumba, na kwa muda wa miezi minne kiliweza kuchaji simu mbili, kuimbisha redio, na kuwasha taa moja ambayo mara nyingi ilizimika kabla ya chakula cha jioni kwisha.

"Karani," akaniambia, "mitamba yangu ingekuwa imekaribia kuzaa sasa. Nataka kujua kama nimeibiwa au kama mimi ndiye mjinga."

Sikuweza kumjibu kwa kuitazama karatasi tu. Alikuwa amefikia kwa binti yake Kaloleni, nami nakaa huko huko, basi tukapatana kwamba Jumamosi na Jumapili tutatembea pamoja. Nataka uifuate njia tuliyoifuata, kisha uifanye kazi hiyo hiyo katika shamba lako.

Jumamosi tulikwenda kwa miguu. Ukitoka Kaloleni unapita karibu na City Stadium na soko la Burma, kisha unafika Shauri Moyo na Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Kelele za nyundo zao utazisikia kabla hujawaona. Hapo ndipo mahali pa kutazama jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, ambalo sasa limeenea nchi nzima. Jiko hilo lilipata umbo lake mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo mwaka 1981 mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya nguvu za jua, upepo, maji na kuni ulifanyika hapa Nairobi. Mfano wake wa kwanza ulitoka Thailand, lakini mafundi wa Shauri Moyo ndio walioubadili hata ukakubaliwa na mama wa nyumbani. Ganda la nje ni bati. La ndani ni udongo uliochomwa, ambao hushikilia joto lisipotee ubavuni. Likitumiwa vizuri huokoa makaa kwa theluthi moja au zaidi. Ninyi wa mashambani mnaopika kwa kuni mtafaidiwa zaidi na lile liitwalo Maendeleo, ambalo ni chungu cha udongo kinachojengewa jikoni kwa matope na mawe. Ukinunua lolote, ligonge udongo wake kwa kidole. Usikubali lenye ufa, hata kama fundi ataapa.

Nimelitaja jiko kwa sababu watu husahau kwamba kuni isiyochomwa ni mali pia. Lakini kilichotushangaza siku ile hakikuwa jiko. Mzee alimwonyesha fundi mmoja picha ya kinu chake katika simu, akauliza kama mapanga yake yaweza kufanywa marefu zaidi. Fundi hakuuliza bei wala kampuni. Aliuliza: "Mnara una urefu gani? Na hiyo miti ya nyuma ni urefu gani? Upepo watoka upande gani?" Mzee akajibu kwamba mnara ni mita sita, misaipresi yapita mita kumi, na upepo watoka upande wa misaipresi. Fundi akarudisha simu, akacheka kidogo, akaendelea na kazi yake. Katika miezi minne hiyo, yule aliyechukua fedha za mitamba hakuwa ameuliza hata swali moja katika hayo matatu.

Jumapili tulipanda matatu ya Ngong, namba 111. Mjini Ngong unauliza njia ya msituni, unafika langoni, unalipa kiingilio kwa watu wa Shirika la Misitu, kisha unapanda. Nenda na wenzako wala si peke yako. Chukua maji ya kunywa na sweta, hata ikiwa jua linawaka Nairobi. Njia hufuata mgongo wa vilima, kilele baada ya kilele, na mwenye miguu ya kutosha huweza kuteremka upande wa kusini mpaka Kona Baridi katika barabara ya Magadi. Kilele kirefu chapata mita 2,460 hivi juu ya bahari. Mashariki waiona Nairobi yote imelala. Magharibi nchi inaanguka ghafula kwenda Bonde la Ufa.

Juu ya mgongo huo ndiko iliko mitambo ya upepo ya KenGen. Ya kwanza ilikuwa miwili tu, iliyotolewa na Serikali ya Ubelgiji mwaka 1993. Mwaka 2009 ikasimamishwa sita iliyo mikubwa zaidi, na baadaye ikaongezwa mingine hata jumla ya nguvu yake ikafika megawati 25.5. Kila mtambo wa mwaka 2009 una duara la mapanga lenye kipenyo cha mita 52, maana yake panga moja ni kama urefu wa mabasi mawili yaliyofuatana. Mitambo ya aina hiyo hiyo, 365 kwa hesabu, ndiyo iliyopelekwa Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana. Mtu atasema hiyo ni mitambo ya serikali na makampuni, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu upepo hauna kanuni mbili, moja ya kampuni na nyingine ya mkulima.

Nilikuwa nimemwambia mzee achukue fimbo na leso. Langoni, penye miti, tuliifunga leso kwenye fimbo tukaiinua: ikaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Nusu ya njia ikaanza kucheza. Juu kabisa ikanyoka moja kwa moja, ikipiga makofi, na mzee akashika kofia yake. Tukateremka hatua chache upande wa pili, nyuma ya kichuguu chenye vichaka. Leso ikawa haijui iende wapi, mara kushoto, mara kulia, mara chini. Mzee akaitazama leso, akautazama mtambo uliokuwa ukizunguka polepole juu ya vichwa vyetu, asiseme neno. Kisha akauliza, "Mbona hawakuuweka kule chini karibu na nyumba, wapunguze gharama ya waya?" Aliuliza huku akijua jibu, nami nilijua kwamba alikuwa akijiuliza mwenyewe.

Sasa tuingie katika hesabu, nawe uwe na subira, kwa kuwa hesabu hii ndiyo yenye thamani ya mitamba miwili.

Upepo ukiongezeka mbio mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nane. Sababu ni kwamba hewa ipitayo huwa nyingi zaidi kila nukta, na kila kipande chake hupiga kwa nguvu zaidi. Chukua kinu cha mzee, kipenyo mita mbili, katika nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi kidogo. Upepo wa mita 6 kwa nukta, ambao ni kama kilomita 22 kwa saa, hupitisha katika duara hilo nguvu ya wati 320 hivi. Kinu kidogo hakiwezi kuishika yote; kikishika robo kimefanya vema. Basi ni wati 80. Upepo ukipungua ukawa mita 3 kwa nukta, usigawe kwa mbili, gawa kwa nane: wati 10. Huo ndio umeme wa redio na simu mbili.

Na zile wati 500 za karatasi? Si uongo, na hapo ndipo ujanja ulipo. Kinu kile chaweza kutoa wati 500 katika upepo wa mita 12 kwa nukta, yaani kilomita 43 kwa saa. Huo ni upepo wa kucheza matawi makubwa ya miti na kumshinda mtu mwenye mwavuli. Mara ngapi kwa mwaka unauona upepo huo nyuma ya nyumba yako? Karatasi ilikuwa imeandika mbio hizo za upepo, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma. Mzee hakuibiwa kwa sheria. Nilimwambia hivyo, na sidhani lilimfariji.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, pima upepo wako mwenyewe. Huhitaji chombo cha gharama. Funga kitambaa chepesi juu ya mti mrefu mahali unapofikiria kuweka kinu, ukitazame asubuhi, adhuhuri na jioni, uandike katika daftari. Ukiusikia upepo usoni na majani yanatikisika tu, hesabu mita 2 au 3 kwa nukta. Majani na vijiti vidogo visipotulia na kitambaa kikinyoka, ni 4 au 5. Vumbi na karatasi zikiinuka na matawi madogo yakicheza, ni 6 au 7. Miti midogo yote ikiyumba, ni 9 au zaidi. Fanya hivi mwezi mzima, na ikiwezekana mwezi mmoja wa kaskazi na mwezi mmoja wa kusi, maana pepo hizo mbili hazitoki upande mmoja. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko wewe, naye atajifunza hesabu. Ukiona siku nyingi daftari lasema 2 na 3, usinunue kinu cha umeme, hata kikiuzwa kwa nusu ya bei. Hata mitambo mikubwa ya Ngong hungojea upepo wa mita 4 kwa nukta kabla ya kuanza kazi.

Tazama pia miti ya zamani iliyosimama peke yake wazi. Mti uliokulia penye upepo mkali wa siku zote huinama na kuacha matawi yake upande mmoja tu. Mti wa namna hiyo umeandika habari za upepo kwa miaka ishirini, na waweza kuzisoma bure.

Habari ya misaipresi yahitaji neno lake. Wakulima wengi wa nyanda za juu wamepanda safu za miti ili kuzuia upepo usivunje mahindi na kukausha udongo, nao wamefanya vizuri. Lakini upepo ukivuka safu ya miti huvurugika kama maji yaliyopita jiwe, na huendelea kuvurugika mbali, hata mara ishirini ya kimo cha miti ile. Miti ya mita kumi huharibu upepo hatua mia mbili na zaidi. Kinu kilichowekwa humo hupata upepo mdogo na wa kugeukageuka, ambao pia huchosha chuma. Kanuni ya mafundi ni kwamba mapanga yazidi kwa mita kumi kimo cha kitu chochote kilicho karibu, ndani ya hatua mia. Kwa mzee wetu hiyo ni mnara wa mita ishirini, ambao bei yake yaweza kupita ya kinu chenyewe. Naye mtu asije akakata miti kwa ajili ya kinu! Nimewahi kusikia shauri hilo likitolewa, na ni shauri baya. Ukikihamisha kinu kwenda kwenye mwinuko, kumbuka kwamba umeme wa betri, volti 12, hupotea sana katika waya mrefu na mwembamba. Hatua mia za waya mbaya zaweza kula faida yote ya kilima.

Kuvuta maji ni jambo jingine. Kinu chenye mapanga mengi mapana, kama vile vilivyoonekana zamani katika mashamba makubwa ya ng'ombe, au pampu za Kijito zilizotengenezwa Thika, huanza kuzunguka kwa upepo mdogo na kuvuta kwa nguvu ijapokuwa polepole. Tena maji hukaa ndani ya tangi bila betri. Mwenye kisima na ng'ombe wa maziwa hupata faida humo mahali ambapo mwenye kutaka taa angepata hasara. Basi jiulize kwanza unataka kazi gani.

Tulipokuwa tukiteremka, mzee akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Chini ya shamba langu kuna kijito. Baba alikuwa akisema hapo zamani Wakikuyu wa upande wa Murang'a walisaga mahindi kwa maji." Ni kweli, katika wilaya za Kati wazee wengi wanavikumbuka vinu vya kusaga vilivyozungushwa na mito. Nikamweleza habari za Kathamba.

Kathamba iko Kirinyaga, si mbali sana na skimu ya mpunga ya Mwea ambayo wengi wenu mnaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa huko walitia bomba katika kijito kidogo. Maji yaliyoingia yalikuwa lita 8.4 tu kwa nukta, yaani mtungi wa lita 20 hujaa katika nukta mbili na nusu. Yalianguka kimo cha mita 28, yakapiga gurudumu dogo la chuma, na gurudumu likazungusha dainamo. Umeme uliopatikana ulikuwa kilowati 1.1, ambao birika moja la umeme la mjini hula zaidi. Kwa umeme huo nyumba 65 ziliwekewa taa. Gawa uone: kila nyumba wati 17 hivi, nazo zatosha taa na redio mahali ambapo zamani palikuwa na koroboi. Huko Tungu-Kabiri, katika nchi ya Meru ya kusini, kijiji kingine kilijenga mtambo wa kilowati 18 wakati huo huo, watu wakichimba mfereji kwa mikono yao.

Hesabu ya maji ni rahisi kuliko ya upepo. Zidisha lita kwa nukta na mita za kuanguka, kisha zidisha na 5. Jibu ni wati utakazopata kwa mtambo mdogo wa kawaida. Ijaribu kwa Kathamba: 8.4 mara 28 mara 5 ni 1,176. Umeona kwamba yakaribia kabisa ile kilowati 1.1.

Kupima lita, ziba kijito kwa udongo na mawe, pitisha maji yote katika kipande cha bomba, weka mtungi wa lita 20 chini yake, na uhesabu nukta mpaka ujae. Rudia mara tatu. Kijito kikiwa kikubwa kwa mtungi, tafuta mahali kilipo sawa kwa mita kumi, pima upana na kina cha wastani, tupa ganda la chungwa, uhesabu nukta linazochukua. Upana mara kina mara mbio hukupa mita za ujazo. Toa robo, kwa sababu maji ya chini na ya kando huenda polepole kuliko yale ya juu yanayobeba ganda. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Kupima kimo, usikisie kwa macho. Macho hudanganya sana mteremkoni; nimeona walimu wawili wakitofautiana kwa mita saba juu ya mteremko mmoja. Chukua mpira mwangavu wa maji, urefu mita kumi hivi, uujaze maji bila kuacha hewa ndani. Mtu mmoja asimame juu akishika ncha moja usawa wa ardhi. Mwingine asimame chini akiinua ncha ya pili kando ya mti uliopimwa. Maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja siku zote. Yalipotulia, soma kimo kwenye mti, andika, kisha yule wa juu ateremke mahali alipokuwa wa chini, mwendelee. Jumlisha vimo vyote. Watu wawili na mtoto wa kuandika wataimaliza kazi hii katika asubuhi moja.

Jambo kubwa kuliko yote: pima wakati wa kiangazi, Februari au Machi, wakati kijito kimechoka. Maji ya mwezi wa Mei humfanya kila mtu kuwa tajiri. Tena maji ni ya watu wengi. Hata kama utayarudisha kijitoni baada ya kupita mtamboni, katikati ya mfereji wako na mahali pa kuyarudisha kuna jirani mwenye ng'ombe. Zungumza naye kabla hujachimba, kisha utafute kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kama Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavyotaka.

Juu ya jua sitasema mengi, maana kioo cha jua chauzwa kila soko, na kwa wengi wenu ndicho kitakachofaa. Ila hata kioo hutaka kutembelewa. Tembea kuzunguka nyumba tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, uone vivuli vinakopita. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya kioo hupunguza umeme kuliko unavyodhani. Nasi tulio karibu na mstari wa Ikweta tuna jambo letu: mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba upande wa kusini. Mahali penye jua zuri Juni paweza kuwa chini ya mkaratusi wa jirani Desemba. Mwenye ng'ombe wawili wa kufungiwa zizini afikiri pia juu ya gesi ya samadi; lakini hiyo yataka somo lake, nasi tutaliandika katika toleo jingine.

Mzee alirudi kwao Jumatatu. Baada ya majuma matatu aliniletea barua yenye hesabu, imeandikwa na mjukuu wake kwa mwandiko mzuri. Kijito chake: mtungi wa lita 20 hujaa katika nukta tano, basi lita 4 kwa nukta. Kimo kwa mpira: mita 6. Nne mara sita mara tano ni wati 120. Alikuwa ameipigia mstari mara mbili hiyo 120. Nikamwandikia kwamba amepima mvua zikiwa zimenyesha, apime tena. Akapima Machi: mtungi ulichukua nukta ishirini. Lita 1, basi wati 30.

Wati 30 zaonekana chache, na mjukuu aliandika kwamba babu yake alikasirika. Lakini maji hayalali. Wati 30 kwa saa 24 hutia katika betri mara tatu ya kile kinachopatikana kwa wati 10 za upepo, hata kama upepo ungevuma usiku na mchana, nao hauvumi. Taa tano za wati 5, zikiwaka saa tano kila usiku, hazimalizi hata robo yake. Jirani wa chini bado hajakubali. Anasema kijito kikichoka hivyo ataka kila tone lipite penye ng'ombe wake, na ana haki ya kusema hivyo. Wamekubaliana kwenda kukitembelea kijito pamoja, kutoka juu mpaka chini, kabla ya kuomba kibali. Kinu cha upepo kimeshushwa. Dainamo imewekwa ghalani, na yule fundi wa Kamukunji amesema alete aone kama yafaa kuzungushwa na maji.

Maswali ya kufanya nyumbani. Ikiwa kijito chako hujaza mtungi wa lita 20 katika nukta nane mwezi wa Machi, na kimo ulichopima kwa mpira ni mita 11, utapata wati ngapi? Kinu kinachotoa wati 160 katika upepo wa mita 8 kwa nukta, kitatoa ngapi upepo ukiwa mita 4? Miti yenye kimo cha mita 7 iliyo upande wa upepo huvuruga upepo mpaka mbali kiasi gani? Na swali la nne halina jibu katika karatasi hii: kitambaa chako kilisimamaje leo asubuhi, adhuhuri na jioni? Andika majibu yako pamoja na jina la skimu yako, uyapeleke kwa ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Mwenye daftari la mwezi mzima alilete lote, hata kama limelowa mvua.